Kiti Chenye Utepe wa Dhahabu

Usiku wa kuamkia leo niliota niko kwenye mahafali ya chekechea ya binti yangu Tuzo, na mgeni rasmi hajafika.

Jua ni la saa saba. Wazazi wote tumesimama, kwa sababu viti viko meza kuu peke yake, chini ya turubai. Vimevikwa shuka jeupe na kufungwa utepe wa dhahabu mgongoni. Havina mtu. Mama yangu mzazi, mwenye magoti mabovu, amesimama kando yangu akiegemea mwavuli. Mwavuli umefungwa, maana mshereheshaji amesema si heshima mtu kujikinga jua kabla mgeni rasmi hajakingwa.

"Mwanangu, magoti," mama anasema.

Sasa, mimi nafundisha nadharia za siasa chuoni. Kazi yangu ni kuwaeleza vijana kwamba wafuasi wa Marx waliona jambo moja: mtawala hawezi kudumu kwa rungu tu, mkono ungechoka. Kinachomweka pale juu ni mazoea. Ni nyimbo, sherehe, masomo na adabu, mambo yote yanayomfanya mtawaliwa aone kwamba hali ilivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, akaitikia kwa hiari yake. Somo hili nalieleza vizuri sana, na nimeshapigiwa makofi kwa ajili yake. Kwa hiyo nikamwambia mama asubiri kidogo, suala lake limepata mtaalamu.

Nikaenda kwenye kiti cha pembeni kabisa, kile kinyonge kuliko vyote.

"Samahani," nikakiambia. "Naomba mama akae."

"Mimi sijakataa," kiti kikasema. Kilikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba. "Kwani nani kakuzuia?"

Nikaangalia huku na huku nimtafute aliyenizuia. Alikuwepo askari mmoja, amelala kwenye nyasi, rungu kalifanya mto. Nikamwamsha.

"Afande, wewe unanizuia?"

"Hapana, mwalimu. Mimi naletwa kila mwaka, ila sijawahi kupewa kazi." Akageuza rungu upande wenye ubaridi, akalala tena.

Basi nikamshika mama mkono nimpeleke kitini. Miguu yangu ikagoma. Nikaiuliza kulikoni, ikajibu yote miwili kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza: "Itifaki imezingatiwa."

Niliudhika sana, maana miguu hiyo nimeisomesha mwenyewe.

Nilipoinua uso, meza kuu ilikuwa imepanda juu, iko usawa wa ghorofa. Nikakumbuka somo langu: kuna msingi, na juu ya msingi kuna jengo. Nikachungulia chini yake kuuona huo msingi. Walikuwa wazazi wenzangu. Wamebeba jukwaa zima mabegani, jasho linawatiririka, na wanapiga makofi kwa kujipiga kwenye paja, kwa sababu mkono wa pili umeshika nguzo.

"Jamani, mbona mmebebeshwa?" nikauliza.

"Hatujabebeshwa," baba mmoja akanijibu kwa upole. "Tumealikwa. Ila hili turubai limechakaa, tunataka tuwawekee wageni jingine zito zaidi."

Hapo nikawahutubia. Niliwaambia habari za itikadi, nikawaambia habari za ridhaa, nikawaonyesha kwamba jukwaa linasimama kwa mabega yao wenyewe. Wakasikiliza kwa makini. Mama mmoja alifuta machozi. Kisha wakashauriana, wakaona kwamba anayehutubia watu ndiye mgeni rasmi, hawezi kuwa mwingine. Wakaninyanyua kwa mikono iliyobaki, wakanikalisha kwenye kiti kikubwa cha katikati.

Ningekataa. Hotuba ya kukataa ninayo, nimeiandaa siku nyingi. Lakini nilivikwa shada, maji ya chupa yakafunguliwa mbele yangu, na mshereheshaji akataja vyeo vyangu vyote, pamoja na kile ambacho bado naomba. Nikaona kwamba kumbe watu hawa wana akili.

"Unajua mimi ni plastiki tu," kiti kikaninong'oneza. "Nivue hili shuka uone. Wote wanajua, hata wewe."

"Nyamaza," nikakiambia. "Watoto wanaingia."

Watoto wa chekechea wanapita na majoho yanayoburuta chini, wanaimba wimbo wa kunishukuru kwa jua. Tuzo yumo katikati yao. Anafika mbele yangu, anapiga goti, ananitazama kama mtu asiyenijua.

"Shikamoo, mgeni rasmi."

"Marahaba," nikaitikia, na roho ikaniuma.

Nikatafuta uso wa mama chini kule. Bado alikuwa amesimama juani, na sasa alikuwa amesimama kwa ajili yangu.

Nikafungua kinywa nimwambie akae. Maneno yaliyotoka ni haya: "Nimefurahi sana kualikwa."

"Mwanangu, magoti," mama akasema.

Nikajaribu tena. "Risala yenu nimeipokea. Tutaifanyia kazi."

Watu wakashangilia mpaka jukwaa likatikisika. Nikataka kushuka nikamchukue mwenyewe, kumbe ule utepe umenifunga mimi, fundo liko mgongoni mahali mkono haufiki. Nikaanza kulia. Mshereheshaji akatangaza kwamba mgeni rasmi ameguswa.

Nikaamka nimelowa jasho. Mke wangu, Skolastika, alikuwa anajifunga kitambaa cha kichwa, akanitazama kwenye kioo.

"Hebu geuka. Umefungwa nini mgongoni?"

Akafungua, akanionyesha. Ulikuwa utepe wa dhahabu.

"Nani kakufunga?"

"Hakuna," nikasema.

Akausogeza dirishani, akaona ni mzuri, akauviringisha na kuutia kwenye kopo lake la vifungo.

Nikaenda sebuleni. Mama kweli yuko kwetu siku hizi, ametoka Songea kuja kutibiwa magoti. Alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, kando ya kochi langu. Ni lile linalotazama televisheni, lenye kitambaa cheupe cha kufuma, ambalo halikaliwi na mtu hata nikisafiri. Sijawahi kumkataza yeyote. Nimezoea hata kujisifu kwa wenzangu kwamba nyumbani kwangu sijawahi kumkataza mtu kitu.

"Mama, mbona hukai kwenye kochi?"

"Si lina mwenyewe hilo."

"Nani alikwambia?"

Akafikiri. "Hakuna aliyeniambia, baba."

"Basi kaa. Nakuomba."

"Nitakaa ukishatoka," akasema, akakisogeza kigoda chake pembeni ili nipate njia ya kupita kwenda kukaa.

Nikatoka. Nikiwa kibarazani nikachungulia dirishani. Alikuwa amekaa, lakini ukingoni tu mwa kochi, kiganja kimoja amekikaza kwenye mkono wa kochi tayari kujiinua, macho yako mlangoni.

Mkoba wangu wenye notisi za kipindi cha asubuhi, mada ya ridhaa, ulikuwa umebaki ndani, nyuma ya mlango huo. Sikurudi kuuchukua.