Glasi Iliyofudikizwa

Foleni haikuwa ikisogea. Goedele ndiye aliyesogea: mara mguu huu, mara mguu ule, mara achungulie juu ya bega la mtu wa mbele, mara atoe simu, aitazame na kuirudisha mfukoni bila kujua alichokiona. Ukungu wa Januari ulikuwa umelalia mashamba ya Gooik kama ng'ombe aliyegoma kuamka, na ua wa Firmin, mpika bia wa kijiji hicho, ulinuka mbao mbichi, siki na cheri.

"Dada, hicho ni kidole changu unachokanyaga," ilisema sauti nyuma yake.

"Samahani."

"Samahani ya nini? Niachie nafasi yako, tutakuwa tumemalizana."

Hakuwa na haja ya kugeuka. Alikuwa Ludo, daktari wa meno kutoka Aalst, mwenye kofia ya sufi ya njano. Kila ilipotoka bia adimu, iwe Antwerp au kule milima ya Ardennes, Ludo na kofia yake walikuwapo. Na kila mwinda bia wa Flanders alijua Ludo anataka nini hasa. Anataka kiti kwenye meza ya Hilde.

Meza hiyo iko Ghent, ghorofani kwa Hilde. Kila mwaka, Jumapili moja ya Januari, wenzi wa meza hukaa kula mchana, na kila mmoja ana glasi yake yenye jina. Kila mmoja huleta bia ambayo wengine hawajaionja, na kabla ya kuimimina huwaeleza kwa kinywa chake ladha yake. "Hapa hatuletewi majina," Hilde hupenda kusema. "Tunaletewa bia. Leta unayoijua." Asiyeleta, glasi yake hufudikizwa mezani. Akishindwa mara mbili mfululizo, glasi hupewa mwingine.

Mwaka jana chupa ya Goedele ilipasukia ndani ya buti la gari, akafika na harufu tu. Glasi yake ikafudikizwa. Alipoachana na mumewe, marafiki walibaki upande wa mume kama samani za nyumba. Watu wa meza ile ndio pekee waliomkumbuka siku yake ya kuzaliwa. Leo mchana glasi yake ingesimama, au ingepewa mwingine, na yeye aondoke mezani. Na aliyeisubiri kwa hamu alikuwa nyuma yake, anampumulia kisogoni.

Kwa hiyo alikuja kwa Firmin. Kriek ya Firmin, bia ya cheri iliyolala kwenye pipa miaka mitatu, haitangazwi popote. Firmin huandika kwa chaki mlangoni asubuhi ileile, na anayepita ndiye anayeona. Goedele alikuwa amefanya urafiki wa mwaka mzima na mke wa mwoka mikate wa kijiji, kununua mikate asiyoila, ili alfajiri moja kama hii simu ilie: "Shoga, chaki imeandikwa. Kimbia."

Mlango ukafunguliwa. Firmin akatoka na kizibuo kikining'inia shingoni kama filimbi ya refa.

"Sikilizeni," alisema. "Mwaka jana bia yangu iliuzwa mtandaoni kabla sijamaliza kufagia ua. Mwaka huu kila chupa naifungua mimi, hapahapa. Anayetaka kunywa, mabenchi yale pale, mkate na jibini vipo, figili zipo. Anayetaka kuuza, akauze mapovu."

"Huu ni uonevu, Firmin!" mtu akapiga kelele.

"Uonevu ni ile bei uliyoweka wewe, Kurt. Niliiona."

Ua mzima ukacheka, hata Kurt. Goedele hakucheka. Ghent ilikuwa mwendo wa saa nzima, na kriek iliyofunguliwa haingoji mtu.

Alipofika mbele, Firmin aliinama chini ya meza, akainuka na chupa moja. "Hii ndiyo ya mwisho."

Nyuma, Ludo alitoa mguno kama mtu aliyeng'olewa jino lake mwenyewe.

Kizibo kikatoka, paa! Firmin akamimina kidogo kwenye glasi ndogo, akamsogezea. "Onja kwanza."

"Naendesha gari, mzee."

"Tone moja halijawahi kumpindua mtu."

"Nina haraka."

Firmin akamtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeingia msibani kuulizia choo. Akainywa ile glasi mwenyewe. Goedele akaomba kizibo; akapewa, lakini kilikuwa kimeshavimba kama uyoga, kimegoma kurudi shingoni. Mapovu mekundu yalikuwa yakimtambaa vidoleni.

"Treni zimegoma leo," Ludo alisema, akimfuata hadi kwenye gari. "Na mimi nilialikwa Ghent. Hilde alisema nije, huenda pakawa na nafasi."

"Najua alichosema Hilde."

"Basi nipe lifti, nikushikie chupa. Au utaifunga mkanda?"

Kumpa Ludo chupa ile kulikuwa kumkabidhi fisi bucha. Lakini hapakuwa na mkono mwingine wa kuishika. Akamfungulia mlango.

Waliiacha barabara kuu, kwa kuwa redio ilisema imeziba, wakapita njia za vijijini. Goedele aliendesha huku jicho moja likiwa barabarani na jingine kwenye dole gumba la Ludo lililoziba mdomo wa chupa. Kila kona alisema, "Shika." Kila tuta alisema, "Shika, bwana."

"Nimeshika, mama wee! Hata wagonjwa wangu hawanipigii kelele hivi, na wao nawachoma sindano."

"Ukiimwaga, glasi ni yako. Unafikiri silijui hilo?"

"Nalijua hata mimi," alisema Ludo. "Ndiyo maana nimeshika kwa mikono miwili."

Wakapinda kona, na mbele yao polisi alikuwa ameinua mkono katikati ya njia. Goedele akakanyaga breki. Chupa ikafoka. Ludo, bila kufikiri, akaibandika mdomoni.

Gari likasimama. Ludo akaitoa chupa midomoni, na masharubu yake yalikuwa mekundu.

"Umeinywa!"

"Nimeiokoa!"

"Umemeza!"

"Ulitaka nimtemee polisi?"

Zilikuwa mbio za baiskeli za matopeni. Njia ilikuwa imefungwa ili washindani wavuke. Walipita mmoja mmoja, baiskeli begani, tope hadi kwenye kope, na watu wakiwashangilia kwa kengele. Goedele akapiga honi. Polisi akainama dirishani.

"Mama, baiskeli hazina masikio."

Simu ikatetemeka. Hilde: *Tumeshakaa.* Goedele akagonga usukani kwa vidole, akagonga tena. Harufu ya cheri ilikuwa imejaa garini. Kandoni, Ludo alikuwa ameacha utani. Alikuwa akitazama mbele, akilamba jino moja polepole.

"Usiniambie ikoje," alisema Goedele.

"Sijasema kitu."

"Unafikiri kwa sauti kubwa."

Walipofika, alipanda ngazi mbilimbili, chupa kifuani. Wote walikuwa wamekaa. Glasi yake ilikuwa mahali pake, imefudikizwa.

"Umechelewa, lakini umefika," alisema Hilde. Alikuwa mwalimu wa kemia kwa miaka mingi, na bado alitazama watu kama wanaokaribia kubadilika rangi. "Haya. Tuambie."

Goedele akavuta pumzi. Hili alilizoea. Kila mwaka, kabla ya kuja, alisoma walichoandika watu mtandaoni kuhusu bia husika, akakariri. Chupa zilikuwa za kukimbiliwa. Kuzionja kwanza? Muda huo angeupata wapi? Hakuna aliyewahi kumshika.

"Inaanza na utamu wa cheri," alisema, "kisha inakuja lozi, kutoka kwenye kokwa, na mwisho ni laini kama..."

Jicho likamwangukia Ludo, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Hakukohoa, hakutabasamu. Alikunja uso kidogo tu, kama mtu aliyesikia rafiki yake akiitwa kwa jina lisilo lake.

Akaiweka chupa mezani.

"Sijui," alisema. "Sijaionja. Firmin alinipa, nikakataa. Aliyeionja ni huyo hapo."

Hilde akageuza shingo. "Basi aseme."

Ludo akameza mate. "Haina utamu hata kidogo. Inakuuma fizi, unataka kuiacha. Halafu inakuomba radhi." Akafikiri. "Haina lozi. Ina vumbi la pipa. Nilitamani polisi asituachie."

Mezani hakuna aliyecheka. Hilde alishusha macho kwenye ile glasi.

"Goedele, sheria..."

"Naijua."

Akaisimamisha glasi mwenyewe, akamimina, akanywa kwa kusimama hadi glasi ikawa tupu; nyingine ikabaki chupani. Mapovu yalikuwa yameshakufa. Bia ilikuwa vuguvugu kwa joto la mikono ya Ludo. Ikamuuma fizi. Akasubiri radhi, na radhi ikaja. Ludo hakuongopa. Goedele akaifuta glasi kwa upindo wa sweta, akampa Ludo.

"Ina ufa ukingoni. Angalia meno yako, daktari."

Akashuka ngazi kabla hawajamwona uso. Barabarani alitoa funguo, akabonyeza, gari likaitika, na hapo akakumbuka: amekunywa. Na treni zimegoma. Simu ikatetemeka: Jumamosi, Antwerp, chupa chache. Alisimama kando ya mto Leie, mara mguu huu, mara mguu ule, na hapakuwa na pa kwenda.

Dirisha la juu likafunguka.

"Goedele!" aliita Hilde. "Nani amekufukuza? Glasi ndiyo hakuna. Kiti kipo!"

"Nitanywea nini, kiganja?"

"Kuna kikombe cha chai. Ila hakina mkono!"

Simu ikatetemeka tena. Goedele akaisukuma hadi chini kabisa ya mfuko.

"Kinavuja?"

"Hapana!"

"Basi mniachie kidogo," alipaza sauti, akizirudia ngazi mbilimbili. "Sijamaliza kuionja!"