Swali Moja kwa Siku

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Inspekta Mukendi alishuka kwenye pikipiki kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Likasi, akafuta vumbi jekundu kwenye viatu, akaomba kiti. Alitumwa kuchunguza kifo cha Ghislain, mwalimu wa klabu ya kuruka kwa parachuti, aliyeanguka mbele ya umati siku ya sherehe.

Kiti kililetwa na Fidélie, mkunjaji wa parachuti za klabu.

"Ngojea kidogo, Papa Inspekta. Saa nne ataanguka."

Saa nne Ghislain alianguka. Tangu azikwe alianguka kila siku, palepale, akitoweka kabla ya kugusa nyasi. Wanawake waliokuwa wakipalilia mihogo pembeni walisogea kidogo, wakaendelea. Fidélie alimpa inspekta kipaza sauti. Muda ulitosha swali moja tu.

"Ulivuta kamba?"

"Nilivuta! Ilikatika!"

Mukendi akaandika. Kesho yake akauliza kuhusu parachuti ya akiba.

"Haikukuwa! Mu mufuko iko magunia tu!"

Fidélie akaketi chini, kwenye vumbi.

"Za akiba, Chef Hervé aliziuzishaka zote," alisema polepole. "Akaniambia nijaze magunia, uzito ikuwe sawa. Miye niko na batoto, Papa. Nilijaza."

Hilo pia Mukendi aliliandika.

Alasiri, Hervé, mwenye klabu, alimwita ofisini. Hakupandisha sauti. Aliweka mezani mfuko wa parachuti uliokwisha fungwa.

"Kesho tutapanda na weye, Inspekta, uone kazi yetu kutoka kule juu. Hii ni yako."

Mukendi aliubonyeza mfuko kwa kidole. Ulikwaruza kama gunia. Alitoa kalamu, akaandika kwenye ripoti: *Marehemu alichelewa kuvuta kamba.* Akatia sahihi, akarudi Lubumbashi kabla ya jua kuzama.

Jumapili ndege ilipaa na wanafunzi wanne. Fidélie ndiye aliyewajazia mifuko. Alibaki chini, ameziba mdomo kwa kitenge.

Saa nne, Ghislain alipita mbele ya mlango wa ndege akianguka, akipiga kelele kwa nguvu zake zote wasiruke. Injini ilikuwa na mngurumo mkubwa. Wanafunzi walimwona mwalimu wao, wakampungia mkono, na wa kwanza akasogea mlangoni.