Hajavunja Kitu

Fundi cherehani alikuwa ameshawasha pasi alipogundua kwamba mashati yote ya wateja hayana vifungo. Binti yake alikuwa amevikata kimoja kimoja, akavifukia kwenye kopo la maua.

"Vinanitazama, mama," alinong'ona. "Kila kimoja kina macho manne."

Fundi alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona binti akizidi kuushindilia udongo wa kopo kwa vidole, naye akaacha kucheka.

Alikuwa amemlea peke yake, na sifa za mtoto huyo hazikumtoka mdomoni. Hakuwa na mashoga. Hakuzurura. Mgeni akibisha hodi, alijificha nyuma ya pazia mpaka aende zake. Chakula alikinusa kwanza, hata cha mama yake. "Mpole huyu, umebahatika," majirani walisema, huku wa kwao wakiwatoa jasho. Naye fundi akavimba kichwa. Nani ahangaike na mtoto asiyesumbua?

Alipompeleka kliniki ya wagonjwa wa akili, karani wa mapokezi hakuinua hata uso.

"Anapiga watu?"

"Hapana, baba."

"Anavunja vitu?"

"Thubutu! Huyu ni mpole tangu mdogo."

Neno lilimtoka kwa mazoea. Karani akafunika kalamu.

"Basi mrudishe nyumbani, mama. Daktari ni mmoja, vitanda vimejaa. Akianza kuvunja vitu, mlete."

"Lakini halali. Haniamini hata mimi. Naogopa, baba."

"Sote tunaogopa, mama. Anayefuata!"

Nyumbani binti alikaa pembeni, akalikodolea macho gauni la mama yake, pale penye vifungo vya kifuani. Fundi akajifunika mtandio upesi. Alikuwa anamwogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Akatoa glasi kabatini, akampa.

"Vunja."

"Nini?"

"Ivunje, mwanangu. Nakuomba. Itupe chini."

Binti aliipokea kwa mikono miwili. Akaisuuza, akaifuta, akairudisha kabatini taratibu.

Fundi akaitoa tena, akaibamiza sakafuni.

"Mama!" Binti aliruka nyuma, macho yamemtoka. "Mama, unaumwa?"

Fundi alipiga magoti, akaokota vipande, akavifunga kwenye kitambaa, vya kumpelekea karani kesho.