Jezi Ambayo Antipasi Hakuikataa

Antipasi aliposhuka kwenye treni pale Itigi, hakuna aliyempokea begi. Alikuwa ametoka Maskati, alikokuwa akisakata kabumbu la kulipwa. Winga wa kulia mwepesi, akikata kuingia ndani kipa anaanza kuomba Mungu. Alitegemea vigelegele. Badala yake wauza asali wa stesheni walimtazama, wakageuza nyuso. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ndiye aliyeikataa nchi."

Mama yake, Damari, alimsongea ugali wa uwele kwa mlenda, akamwacha ale kidogo. Kisha akauliza, "Mwanangu, ni kweli Timu ya Taifa walikuita, ukasema huwezi kuchezea nchi ya njaa?"

Antipasi alirudisha tonge sahanini. "Nani aliniita, mama? Kila walipotangaza kikosi redioni nilitega sikio, jina langu halimo."

"Philipo ndiye aliyesema. Walimtuma yeye akuulize, walipokwenda kucheza huko Maskati."

Philipo! Walikua pamoja wakipiga mpira wa matambara nyuma ya stesheni, wakigombea upande ule ule wa kulia bila kununiana. Kule Maskati Philipo alikuja kumtembelea, akala, akacheka, akaondoka amebeba viatu vipya alivyopewa zawadi. Habari ya kuitwa hakuigusa. Akarudi akaendelea kucheza winga wa kulia wa Taifa.

Kesho yake Antipasi alimfuata Manyoni, kwenye duka lake la redio kutoka Dubai, moja ya yale yaliyochipuka serikali ilipofungulia biashara ya nje. Philipo hakubisha.

"Wewe ulikuwa umeshatoka kimaisha, ndugu yangu," alisema akitazama chini. "Mimi nilikuwa na jezi ile tu. Ungekuja, ningezeekea benchi."

"Mama yangu anasemwa sokoni, Philipo. Hata kanisani wanamkwepa."

Philipo alijifuta uso. "Jumapili nitasema ukweli mbele ya watu. Nakuapia."

Jumapili uwanja wa Itigi ulifurika. Philipo alishika kipaza sauti, akamkumbatia mwenzake. Moyoni Antipasi alikuwa ameshamsamehe.

"Ndugu zangu," Philipo alianza, "ujana una makosa. Kijana wetu amerudi, amejuta. Mimi nimemsamehe. Nanyi msameheni."

Watu wakashangilia. Wengine walitoa machozi. Antipasi akanyoosha mkono, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Akapaza sauti, "Siyo kweli!" Ngoma zikamfunika. Philipo alikuwa bado amemshika bega, akiwapungia watu.

Damari alipenya katikati ya umati, akautoa mkono ule begani kwa mwanawe. "Twende, baba," alisema. Wakaondoka.

Antipasi alirudi Maskati. Alifunga tena, msimu baada ya msimu, na redio hakuitegea sikio tena. Miguu ilipochoka alibaki huko huko akifundisha watoto mpira, akamchukua na mama yake.

Itigi wanasema mpaka leo kwamba walimsamehe.