Babu Alilala Wapi Mwaka wa Mgomo

Jiwe la kaburi la babu lililazwa juu ya meza ya mchonga mawe, tayari limechongwa SHUJAA WA MGOMO. Chini yake, kwa chaki, yalikuwa majina ya watoto wake watatu. Aliwazaa wanne.

"Shangazi hayumo," alisema binti ambaye nyumbani walimwita Redio kwa kumcheka, maana kumsikia akisema ilikuwa bahati.

"Anajua kwa nini," alijibu baba mkubwa. "Wewe umetumwa uandike historia ya babu yako. Mavi ya kale hayanuki, usiyachokoe."

Shangazi alikaa kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Ukoo mzima ulijua hesabu ile. Wafanyakazi wa kiwanda cha pamba waligoma, askari wa mkoloni wakawamiminia risasi, na babu, kwa hadithi ya nyumbani, akafungwa miaka miwili. Shangazi alizaliwa mwaka wa pili wa kifungo. Basi yeye akawa mtoto wa nje, na bibi akaenda kaburini na jina la malaya.

Lakini Redio alikuwa amewatafuta wazee waliofungwa kweli. Mmoja alicheka hadi akakohoa. "Babu yako? Gerezani tulimwona siku moja tu, alipokuja na askari kutuonyesha kwa kidole."

Sasa hasira ilimsukuma. "Baba mkubwa, mwaka ule ulikuwa na miaka tisa. Babu alilala wapi?"

"Mtoto haulizwi mambo ya wakubwa."

"Mtoto wa miaka tisa anajua kama baba yake yupo nyumbani."

Mchonga mawe akaacha kupiga patasi. Baba mkubwa alilitazama jiwe.

"Alikuwa akiingia kwa mlango wa uani, giza likishatanda," alisema. "Mama alituambia tukisema, watu watatuchomea nyumba. Ningefanyaje?"

"Ukiwa na miaka tisa, ungenyamaza. Na ulipokuwa mtu mzima? Ulipomfukuza dada yako kwenye mazishi ya mama yake?"

Shangazi alisimama. "Kumbe ulijua," alisema taratibu. "Miaka yote hii nilidhani unanichukia kwa kutojua."

"Dada, yaishe. Fundi, pana nafasi ya jina moja?"

"Nafasi ipo."

"Jina langu likae chini ya neno lile?" Shangazi alilisogelea jiwe, akaligusa neno SHUJAA. "Lifute kwanza."

"Mama, jiwe halifutiki," alisema fundi. "Labda livunjwe."

"Asiliguse mtu!" baba mkubwa alifoka. "Wageni wamealikwa, tutaificha wapi aibu—"

Redio hakumngoja amalize, akainyakua nyundo ya fundi. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na pigo lake la kwanza lilimega kipande kidogo tu. Akainua tena, machozi yakimtoka.

"Shika mpini kwa chini," alisema fundi, akirudi nyuma.