Zege Lililochelewa Kushika

Watu wa maabara walimwita Bibi Vigae, na hakuwahi kuwakatalia. Gari lake halikuisha vigae vilivyovunjika, masinki yenye nyufa na vyoo vya kauri vilivyotupwa na wenye nyumba. Alivisaga mpaka vikawa unga laini, akauchanganya na saruji, kisha akachunguza kinachotokea maji yakitiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliipenda kuliko alivyopenda kulala.

Kaka yake alikuwa fundi mjenzi, mtu wa mwiko tangu ujanani. Hakumdharau, ila kumtania hakuacha. Kila alipoulizwa habari za dada yake, alijibu kwamba yupo, anasaga vyoo. Dada naye alimweleza bila kuchoka kwamba saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Inakunywa maji, inapata joto, inaota vijisindano vidogo visivyoonekana kwa macho, na vijisindano hivyo vikishikana ndipo zege linakuwa jiwe. Katika kazi hiyo hubaki chokaa isiyo na faida. Udongo uliokwisha kuchomwa tanurini, ukisagwa vizuri, huidaka chokaa ile na kuigeuza gundi nyingine. Kaka alisikiliza, akauliza, akabisha, akasikiliza tena. Mwisho akakubali. Alikuwa anajenga wodi ya wazazi kwenye zahanati, na muuguzi mkuu akaridhia paa lake la zege limwagwe kwa mchanganyiko wa Bibi Vigae.

Kazi ya kumwaga ilikwenda vizuri, hata mafundi wakaimba. Kesho yake asubuhi simu ya Bibi Vigae ikaita akiwa na mswaki mdomoni.

"Njoo," kaka yake alisema. "Halijashika."

Alifika, akapanda ngazi, akabonyeza zege kwa kidole. Kidole kikazama kama kwenye uji. Chini yake kulikuwa na mbao na msitu wa nguzo za miti zilizobeba uzito wote ule, na chini ya nguzo, chumba ambamo akina mama wangekuja kujifungua. Akaketi palepale ukingoni. Mafundi walisimama na makoleo, wakisubiri neno. Kaka yake hakugomba, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi, maana alimjua: akikasirika husema, akiogopa hunyamaza.

Baadaye kaka alimvuta pembeni. "Usiniambie la kunifurahisha," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitoe lote, ama nisilitoe?"

"Nipe muda nijue kwanza limepatwa na nini."

Alichota zege kidogo kwenye kikopo, akachukua na saruji iliyobaki na unga wake, akarudi maabara. Huko walikuwa na mashine ya kupima joto ambalo saruji huitoa inapofanya kazi. Aliweka vikopo viwili: kimoja kile cha zahanati, kingine alichochanganya mwenyewe, saruji ileile, unga uleule, ila maji ya bomba la maabara. Jioni ilipokaribia, mstari wa kikopo cha pili ulikuwa umepanda vizuri kwenye kioo cha kompyuta. Ule wa kwanza ulikuwa umelala chini, kama hakuna kitu mle ndani.

Aliweka kichwa juu ya meza akapumua. Unga wake haukuwa na hatia. Lakini paa lilikuwa bado bichi, basi furaha yenyewe ikawa nusu. Alimpigia kaka yake kumuuliza maji yalitoka wapi. Kaka akasema bomba lilikatika siku ile, wakateka kisimani na kuyaweka kwenye mapipa ya plastiki aliyoyapata kwa watengeneza juisi.

Alirudi zahanati palepale. Mapipa yalikuwa yamepangwa ukutani, na kwenye midomo yake sisimizi walipita kwa foleni ndefu, wengine wakiingia, wengine wakitoka. Alipitisha kidole ndani, akalamba. Tamu.

"Nilisuuza," kaka alisema.

"Ulisuuza, kaka. Haikutosha."

Kaka alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Kumbe ni mimi."

Dada akamwambia sukari huizunguka punje ya saruji na kuizuia isiote, kwa hiyo zege halikufa, limelala tu. Kaka akauliza kama litaamka.

"Sukari ikiwa kidogo, litaamka. Ikiwa nyingi, nitakuja na koleo langu mwenyewe nikusaidie kulitoa."

Walimwendea muuguzi mkuu wakamweleza kila kitu bila kuficha. Mama yule aliwatazama kwa zamu, kisha akasema kazini kwake ameona watoto wengi waliochelewa kuja, na wakija wanakuja na makelele yao. Akaagiza paa lisiguswe.

Wakalifunika zege kwa magunia yenye maji na turubai juu, wakasubiri. Kaka alilala na kuamka na paa lile kichwani. Dada aliuangalia ule mstari kwenye kompyuta mara nyingi hata wenzake wakaanza kumletea chai bila kuombwa. Mstari ulibaki umelala. Kisha, asubuhi moja, ukanyanyua kichwa. Alidhani macho yanamdanganya. Akaenda kunawa uso, akarudi, akaukuta umepanda zaidi. Akachukua simu.

"Funua turubai, uweke kiganja," alimwambia.

Alisikia hatua zake kwenye ngazi, kisha turubai likivutwa.

"Lina joto," kaka alisema. "Mdogo wangu, lina joto."

Kufikia jioni msumari haukuweza kulikwaruza. Wiki zikapita, wakavunja kwenye mashine vile vipande vya majaribio walivyokuwa wamevimwaga siku ileile na paa. Vilikuwa vigumu kuliko walivyotarajia. Dada alirudia kipimo, maana hakuamini, na jibu likawa lilelile.

Siku ya kutoa nguzo, kaka aliwaondoa watu wote chumbani, akaingia peke yake na nyundo. Aligonga ya kwanza, ikaanguka. Aligonga nyingine, na nyingine, akiangalia juu kila mara. Paa halikutikisika hata kidogo. Alipotoka nje amejaa vumbi kama mtu wa kinu, alikuwa akicheka mwenyewe. Muuguzi mkuu alikuwa tayari anaelekeza vitanda vipite mlango gani.

Kaka alimtafuta dada yake amwambie. Alimkuta kwenye gari, kiti amekilaza nyuma, mdomo wazi, usingizi umemchukua mchana kweupe. Aliegemea mlango wa gari kwa muda, akimkinga jua. Hakumwamsha.