Matone ya Bosi

Kwetu hatuulizani. Ukimuuliza mtu kama amefagia, ni kama umemwambia hajafagia, na mtashinda mmenuniana. Hivyo ndivyo tunavyoishi kwa amani, na hivyo ndivyo mwanangu alivyofika kwenye benchi la zahanati, kalegea mapajani mwangu, midomo imemkauka na tumbo ni gumu.

Tunamwita Bosi kwa sababu ana jino moja tu na sote tunamtumikia. Mimi nafua mashuka hotelini, naondoka alfajiri na kurudi amelala. Baba yake ni mlinzi wa usiku, anaingia nikiwa nimeshatoka. Mchana Bosi anashinda na mama mkwe wangu.

Wiki ile Bosi alitapika kila alichokula, choo akakosa, akawa anataka maji tu. Niliogopa kumpoteza, na uchovu wenyewe ulikuwa wa kuogopa huku nasinzia.

Muuguzi alimpima uzito, akauliza kama kuna dawa yoyote anayotumia.

"Yale matone ya vitamini D mliyotuandikia," nikasema.

"Nani humpa?"

"Mimi."

"Mimi," akasema mume wangu, bado kavaa sare ya kazini.

Mama mkwe alikuwa akitafuta miwani mkobani. "Mimi," akasema bila kuinua kichwa.

Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Najua unatoka mbiombio, Mama Bosi," mume wangu akaniambia. "Nikaona usije ukalaumiwa bure. Nikirudi nampa."

"Na mimi nawajua nyie kwa kusahau," akasema mama mkwe. "Akishaoga najaza kile kibomba cha kudondoshea, nampa."

"Unakijaza, bibi?" muuguzi akauliza. "Ni tone moja tu kwa siku."

Mama mkwe akaacha kutafuta miwani. Mume wangu akajishika kichwa. "Ndiyo maana chupa zilikuwa zinaisha upesi. Mimi nikadhani wa duka la dawa anatupunja."

Siku nyingine ningecheka.

Tulipelekwa hospitali, Bosi akatundikiwa dripu. Daktari alisema vitamini imemzidi mwilini, tumemuwahi, atapona. Mama mkwe alilia kimyakimya siku mbili, na sikuwa na nguvu za kumbembeleza wala za kumkasirikia. Ningemkasirikiaje, wakati tulimlisha sumu kwa kumpenda, kila mtu kwa zamu yake?

Siku ya kuruhusiwa, daktari alitukusanya. "Matone yasimame mpaka niseme. Nikiyaruhusu, ampe mtu mmoja tu. Nani?"

"Si mama yake yupo," akasema mama mkwe, sauti imempungua.

Nilitaka kusema ndiyo. Yale matone ndiyo yalikuwa saa yangu na mwanangu. Alfajiri nikimwinamia, alikuwa akisikia ndala zangu anafungua mdomo kabla ya macho, analamba tone lake, ananichekea na kile kijino. Baada ya hapo alikuwa wa watu wengine mpaka kesho yake. Lakini alfajiri nilikuwa nampa nusu nimelala, halafu nakimbilia kazini. Akitapika mimi sipo. Akikataa kula, mimi ndiye wa mwisho kujua.

"Mama atampa," nikasema. "Ndiye anayeshinda naye."

Mama mkwe akanishika mkono. "Una hakika, mwanangu?"

Tangu niolewe, hakuna aliyewahi kuniuliza kitu kama hicho. Nikajibu ndiyo, upesi, kabla sijabadili mawazo.

Jumatatu alfajiri nilikuwa narudi kazini. Nimeshavaa, nimeshika mkoba, nikasema nimchungulie tu. Bosi alisikia ndala. Macho kayafumba, akafungua mdomo, akangoja.

Sikuwa na kitu mkononi. Nilisimama pale mpaka mdomo ukajifunga wenyewe, polepole, usingizi ukamrudia, kisha nikaenda kufua mashuka.